Tunaulaumu Utabiri, Kopo Hatulitazami

Kila masika yakianza, ugomvi ni ule ule. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza mvua kubwa kwa mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam. Jua linawaka Kimara siku nzima. Jioni kwenye daladala watu wanawacheka watabiri. Siku nyingine hakuna tangazo zito, mito inafurika, na kicheko kinageuka hasira. Wanaotetea na wanaokejeli wote wanabishana juu ya kesho. Swali la jana haliulizwi: ilinyesha kiasi gani, wapi, na nani aliandika? Msimamo wangu ni kwamba udhaifu mkubwa wa huduma zetu za hali ya hewa hautokani na kompyuta wala mtabiri. Uko chini kabisa, kwenye chombo cha bei ndogo kuliko vyote, kipimamvua, lile kopo la kukinga mvua, na kwa mtu anayepaswa kukiendea kila siku saa 3 asubuhi. Nchi isiyojua kwa uhakika mvua iliyokwisha kunyesha haina namna ya kujua utabiri wake ulipatia au ulikosea, sembuse kuuboresha.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana hata kwenye taarifa ya habari husomwa kama namba ya bahati nasibu. Mvua ya milimita 1 ni kina cha maji ambayo yangesimama juu ya ardhi tambarare kama yasingezama, yasingetiririka wala kukauka. Ni lita 1 kwa kila mita 1 ya mraba. Kwa mkulima wa ekari moja, milimita 1 ni lita 4,000 na ushei. Kizingiti cha Mamlaka kwa tahadhari ya mvua kubwa ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Kwenye ekari hiyo ni zaidi ya lita 200,000, yaani maboza 20 ya lita 10,000 yamemwagwa kwenye shamba moja kati ya asubuhi na asubuhi. Bati lenye mita za mraba 100 likipata milimita 20 tu linajaza simtanki la lita 2,000, kama gata hazivuji. Mtu akiniambia "ilinyesha sana" simbishii, ila bado sijajua kilichonyesha.

Chombo kilichozoeleka katika vituo vyetu tulikirithi kwa Waingereza: silinda ya shaba yenye mdomo wa kipenyo cha milimita 127, ukingo wake ukiwa sentimita 30 juu ya ardhi. Ndani kuna faneli, chini ya faneli kuna chupa. Maji ya chupa humiminwa kwenye kioo chembamba cha kupimia, na wembamba huo ndio unaomwezesha mwangazi, yule msomaji wa saa 3 asubuhi, kusoma hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kioo hicho kimechorwa mistari kwa ajili ya mdomo wa ukubwa huo tu. Kikivunjika, na vioo huvunjika, kisha mtu akaazima kingine kilichotengenezwa kwa kipimamvua cha Kimarekani chenye mdomo wa milimita 203, kituo kitaendelea kuandika namba kila siku kwa uaminifu, na kila namba itakuwa ya uongo. Mvua ya milimita 50 itasomeka chini kidogo ya 20. Hakuna kengele itakayolia. Miaka kumi baadaye mtafiti atachora grafu, aone mvua za wilaya hiyo zimeporomoka ghafla, na aandike ripoti nzito kuhusu mabadiliko ya tabianchi.

Mahali pa kukiweka nako pana sheria. Mti, ukuta au nyumba inapaswa kuwa mbali angalau mara mbili ya kimo chake, na ikifika mara nne ni bora zaidi. Mwembe wa mita 10 ulio umbali wa mita 6 hukinga mvua upepo ukitoka upande mmoja, na hudondosha matone yasiyo haki yake ukitoka upande mwingine. Juu ya paa si salama pia, kwa sababu upepo unaopanda ukutani hupeperusha matone yasiingie mdomoni. Hata kwenye kiwanja kizuri kabisa, upepo, maji yanayobaki kwenye kuta za faneli na yale yanayokauka hupunguza kipimo kwa asilimia chache, na zaidi ya hapo penye upepo mkali. Kwa asili yake, basi, chombo hiki huelekea kusema pungufu. Nimeona vituo vilivyoanzishwa kwenye uwanja mweupe ambavyo leo vimezungukwa na maghorofa na miashoki. Kituo hakikuhama, mji ndio uliokifuata, na daftari halikuandika hivyo.

Saa nayo ni sehemu ya kipimo. Dunia hupima hali ya hewa kwa saa za pamoja, na saa 0600 ya Greenwich kwetu huangukia saa 3 asubuhi. Mvua inayosomwa hapo ni ya saa 24 zilizopita, nyingi yake ikiwa ya jana na ya usiku. Mwangazi mmoja akiiandika kwenye tarehe ya jana na jirani yake akaiandika kwenye tarehe ya leo, madaftari mawili yaliyojazwa kwa uangalifu yatapingana mwaka mzima.

Sasa nifike kwenye kosa ninaloliona baya kuliko yote, ambalo nje ya ofisi zetu za hali ya hewa halizungumzwi: kuchanganya sifuri na pengo. Sifuri ni taarifa. Inasema mtu alikwenda, akafungua, akakuta pakavu. Pengo linasema hatujui. Mwangazi aliyeugua malaria siku nne, akarudi na kujaza mistari minne ya sifuri, ameumba ukame mdogo kwa kalamu. Aliyekwenda msibani Ijumaa na kurudi Jumatatu, akakuta chupa imejaa na kuandika milimita 64 mbele ya Jumatatu, ameumba gharika ambayo haikutokea, na papo hapo amezikausha Jumamosi na Jumapili ambazo huenda zilinyesha vizuri tu. Anayekagua madaftari hutafuta alama hizo kwanza. Je, Jumatatu za kituo hiki zina mvua nyingi kuliko Jumapili? Mawingu hayajui siku za juma. Je, namba zinapenda kuishia na 0 na 5? Kuna mtu anakadiria kwa jicho. Je, Machi ya mwaka huu inafanana na Machi ya mwaka juzi tarakimu kwa tarakimu? Kuna mtu alinakili. Nimepitia madaftari ya namna hiyo, na sina moyo wa kumlaumu sana aliyeyaandika. Wengi wao ni walimu, watunza stoo na walinzi wa mashamba waliopewa kazi ya siku 365 kwa posho ndogo au bila posho, na miaka ikapita hakuna aliyerudi kuwaambia namba zao zilifanyiwa nini.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba tununue vituo vinavyojiendesha, binadamu tumweke pembeni. Hapa ndipo ninapopishana na vijana wengi wa fani yetu. Kipimamvua cha kujiendesha kina faneli, na chini yake vibakuli viwili vidogo vilivyokaa kwenye mhimili mmoja. Kimoja kikipata kiasi chake, mara nyingi milimita 0.2, huinama, humwaga, na humpisha mwenzake chini ya faneli. Kila mwinamo unahesabiwa kwa umeme. Wazo lenyewe ni la zamani: Christopher Wren, msanifu wa kanisa kuu la St Paul's huko London, anahesabiwa miongoni mwa walioliasisi katika karne ya 17. Ni chombo kizuri. Kinaonyesha mvua dakika kwa dakika, jambo ambalo chupa hailiwezi, na mhandisi wa madaraja na mitaro anahitaji hasa hilo, kwa kuwa milimita 50 za saa moja na milimita 50 za siku nzima ni mvua mbili tofauti kabisa. Lakini mvua ikimwagika kwa nguvu, maji hupotea wakati kibakuli kinageuka, na chombo kinasoma pungufu pale pale tunapohitaji ukweli zaidi.

Tena kina maadui ambao hawamo kwenye kitabu cha maelekezo: buibui, nyigu wanaojenga kwa udongo, vinyesi vya ndege, majani ya mwarobaini, vumbi la kiangazi. Faneli ikiziba mwezi wa Septemba, vuli ikija, kituo kitatuma sifuri kila baada ya dakika kumi na tano, kwa wakati, bila kukosa, betri ikiwa na afya njema. Hapo pengo limevaa nguo za sifuri, na safari hii hakuna hata Jumatatu ya kulifichua. Sijataja bado laini ya simu iliyoishiwa bando, wala sola iliyong'olewa ikaenda kuwasha taa mahali pengine. Kituo cha kujiendesha hakimwondoi mtu. Kinambadilishia kazi, kutoka kusoma hadi kusafisha, kukagua na kulinganisha. Miradi mingi hununua vyombo, hukata utepe, hupiga picha, kisha hufungwa baada ya miaka michache, na hakuna aliyeandika kwenye bajeti ufagio, petroli ya pikipiki na mshahara wa fundi.

Tatizo la pili ni uchache. Fanya hesabu nami. Mdomo wa milimita 127 una eneo la sentimita za mraba 127 hivi. Tuseme nchi ina vipimamvua 1,000 vinavyosomwa vizuri kila siku, kisha tukaiunganisha midomo yote pamoja. Tunapata mita za mraba zisizofika 13, sakafu ya chumba kimoja cha kupanga. Tanzania ina kilomita za mraba takribani 945,000. Ni kwa chumba hicho tunataka kumwambia mkulima wa Kiteto, mvuvi wa Kilwa na mkazi wa Tandale mvua yao ilikuwaje. Kama mvua zetu zingekuwa za rasharasha inayotanda nchi nzima siku mbili, tungevumilia. Nyingi zinatoka kwenye mawingu ya radi yenye upana wa kilomita chache, yanayopanda mchana na kumaliza hasira zake kabla ya magharibi. Mtaa mmoja unaoga, wa pili unapata vumbi lililotulizwa tu.

Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 28 Julai 1997 mji wa Fort Collins, Colorado, ulipata mafuriko yaliyoua watu watano. Baada ya maji kupungua, wataalamu wa chuo kikuu cha hapo walizunguka wakikusanya vipimo vya watu waliokuwa na vipimamvua uani mwao. Waligundua kwamba upande wa kusini magharibi ulipata zaidi ya milimita 300 katika muda wa siku moja na kidogo, na upande wa mashariki wa mji huohuo haukufika milimita 50. Vyombo rasmi havikuweza kuiona tofauti hiyo ilipokuwa ikitokea. Mwaka uliofuata mtaalamu wa tabianchi Nolan Doesken na wenzake wakaanzisha mtandao wa raia wanaojitolea, kila mmoja na kipimamvua cha plastiki cha inchi 4, ambao leo umeenea Marekani nzima na kuvuka mipaka yake. Nchi yenye setilaiti na rada nyingi kuliko karibu nchi zote iliamua kuongeza plastiki uani mwa watu.

Sisi tuna somo letu wenyewe, Mto Msimbazi. Chimbuko lake liko kwenye vilima vya Kisarawe na Pugu, na maji yake yanashuka hadi Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Mkazi wa Jangwani anaweza kuona maji yakipanda, juu yake kukiwa na anga safi, kwa kuwa kilichomfikia kilinyesha mahali pengine saa chache kabla. Kumtangazia mvua ya uwanja wa ndege, au hata ya mtaa wake, si kumsaidia. Anayepaswa kujulikana ni yule mwenye kipimamvua kule vilimani, na kama anaweza kupiga simu usiku.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya zamani, siku hizi kuna rada na setilaiti. Wanavionea vyombo hivyo kwa kuvidai kazi ambayo havikuumbwa kuifanya peke yake. Rada haipimi mvua. Inatuma mawimbi na kupima mwangwi unaorudi kutoka kwenye matone. Nguvu ya mwangwi hukua kwa kipenyo cha tone kilichozidishwa kwa chenyewe mara sita, maana yake tone lenye kipenyo maradufu linarudisha mwangwi mara 64. Matone machache makubwa yanaweza kusikika sawa na mvua tele ya matone madogo, ijapokuwa maji yake hayalingani. Kugeuza mwangwi kuwa milimita kunahitaji kanuni, na kanuni maarufu zaidi ilitolewa na Marshall na Palmer mwaka 1948 kutokana na vipimo vya Kanada, ambako mvua na mawingu si vya Ifakara. Halafu kuna mpindo wa dunia. Mwali unaotoka kwenye rada ya Dar es Salaam kwa pembe ya nusu digrii, ukifika Morogoro, umbali wa kilomita 180 hivi, uko juu ya usawa wa bahari kwa takribani kilomita tatu na nusu. Unatazama katikati ya wingu. Kinachotokea chini yake, iwe mvua kuongezeka mlimani au kukauka kabla ya kugusa ardhi, hauoni.

Setilaiti iko mbali zaidi. Meteosat, ambayo picha zake watabiri wetu huzitazama mchana kutwa, hupima joto la vichwa vya mawingu, kisha wataalamu hukadiria: wingu likiwa la baridi sana, yaani limepanda juu sana, kuna uwezekano wa mvua nyingi. Kwa mawingu ya radi ya bara, makisio haya hufanya kazi vizuri kwa wastani wa siku kumi. Kwa mvua za pwani, na za miteremko ya Usambara inayopokea upepo wa bahari, ambako wingu fupi lenye kichwa cha uvuguvugu huweza kunyesha asubuhi nzima, setilaiti huona kidogo mno. Na kinyume chake, utando wa mawingu ya juu uliobaki baada ya radi kumalizika ni baridi kama barafu na haudondoshi kitu. Ndiyo maana wanaotengeneza ramani za mvua za Afrika kutoka angani, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha Reading nchini Uingereza, hurekebisha makisio yao kwa kutumia vipimamvua. Ukiondoa kopo, setilaiti inabaki na maoni.

Simu ya mkononi nayo imewapa watu hakika isiyokuwepo. Programu inayoandika "Mbagala, nyuzi 31, mvua asilimia 60" haikupima chochote Mbagala. Imechukua hesabu za kompyuta zilizo Ulaya au Marekani, zinazoigawa dunia katika miraba. Mfumo mkuu wa Kituo cha Ulaya cha utabiri hutumia miraba ya takribani kilomita 9, na hiyo ndiyo miongoni mwa iliyo bora. Hata joto la "sasa hivi" mara nyingi ni hesabu. Joto halisi la hewa hupimwa kivulini, mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi, ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za mbao zilizopangwa kupitisha upepo na kuzuia jua. Alikibuni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskochi, baba yake mwandishi Robert Louis Stevenson. Huko kwao mlango wake hutazama kaskazini, ili jua lisiingie mtu akifungua. Kwetu jua huhamia kaskazini na kusini kwa misimu, ndiyo sababu ukanda wa tropiki huhitaji kibanda chenye milango miwili. Namba ya dashibodi ya gari lililoegeshwa Kariakoo saa saba mchana ni joto la gari hilo.

Na barometa, kwa kuwa siku hizi simu nyingi zinayo ndani: kanuni ya vitabu vya Ulaya kwamba mgandamizo ukishuka dhoruba inakuja haifai karibu na ikweta. Hapa mgandamizo hupanda na kushuka kila siku kwa ratiba, ukifika kilele yapata saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kati ya asubuhi na alasiri hushuka hektopaskali mbili au tatu hata siku ya jua kali. Ukiiamini kanuni ile utasubiri dhoruba kila jioni.

Dhana potofu inayowagharimu wakulima zaidi ni ya neno "wastani" katika utabiri wa msimu. "Mvua za chini ya wastani" husikika kama amri moja kwa nchi nzima. Wastani ni wa mahali, na umekokotolewa kutokana na vipimo vya miaka 30. Kipindi kinachotumika sasa kimataifa ni 1991 hadi 2020. Dodoma hupata milimita 600 hivi kwa mwaka, Bukoba milimita 2,000 hivi. Msimu wa chini ya wastani Bukoba ungekuwa neema Dodoma. Mkulima anayeishi kilomita 40 kutoka kituo cha karibu, ng'ambo ya mlima, anaambiwa mvua zake zitapungua kuliko wastani ambao haujawahi kukokotolewa kwa ajili ya shamba lake. Bwana shamba anajikuta anatafsiri wastani wa watu wengine.

Hatukuwa hivi siku zote. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa na Waingereza mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi, na ilitegemea sana watu wasio watumishi wake: wamisionari, mameneja wa mashamba ya mkonge na chai, wakuu wa shule, vituo vya utafiti kama Amani kule Usambara, ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Sipambi enzi zile. Kipimamvua kilimfaa mwenye shamba la mkonge, na kijiji kilichokuwa jirani hakikuulizwa. Lakini mfumo wa watu wengi wenye vyombo rahisi ulikuwepo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabaki na kipande chake. Mashamba yakabadilisha wenyewe au yakafa, nauli za wakaguzi zikakauka, na vituo vya mvua vikapungua kimoja kimoja. Tumepata wakala mwaka 1999 na mamlaka kamili mwaka 2019, tumefunga rada, na hayo yote nayaunga mkono. Mtandao wa watu haukufufuliwa kwa bidii ileile.

Nini kifanyike? La kwanza ni shule. Mtandao wa TAHMO, uliotokana na wataalamu wa Delft na Oregon, umekuwa ukiweka vituo vya kujiendesha kwenye shule za nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na busara yake ni kwamba shule ina uzio, ina mtu kila siku, na ina sababu ya kukitumia kituo darasani. Sisi tunaweza kuanza chini ya hapo. Kila kata ina shule, na kipimamvua cha plastiki cha kusomwa kwa mkono si mzigo kwa halmashauri yoyote. Chombo chenye kuta zilizonyooka wima hutoa milimita kwa rula ya kawaida, upana wake uwe wowote. Tahadhari tu na ndoo: mdomo wake ni mpana kuliko kitako, hivyo kina cha maji ndani yake huizidisha mvua. Chupa ya maji iliyokatwa inafaa ikiwa kitako chake chenye mabonde kimejazwa saruji hadi kikawa tambarare. Likizo ziwe na zamu iliyoandikwa, na fomu iwe na alama mbili tofauti, 0.0 kwa siku kavu na mstari kwa siku ambayo hakuna aliyekwenda. Mwalimu asiadhibiwe kwa mstari. Akiadhibiwa ataandika sifuri.

La pili, namba zirudi kwa aliyezitoa. Ujumbe mfupi wa kila mwezi unaomwambia mwangazi mvua ya kituo chake, ya majirani zake na wastani wa mwezi huo ungefanya zaidi ya posho, ingawa posho pia ilipwe. Mtu anayejua kuna anayesoma huacha kukadiria. La tatu, taasisi zinazopima zifungue madaftari yao kwa zingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapima, bodi za maji za mabonde zinapima, vituo vya utafiti wa kilimo vinapima, mashamba ya chai na miwa yanapima. Mara nyingi bonde moja lina vipimo vya kutosha vikiunganishwa, na ni jangwa kila taasisi ikitazama vyake.

Anayedhani haya ni mapenzi ya wataalamu kwa namba atazame bima ya mazao. Mpango wa Kilimo Salama ulioanza Kenya mwaka 2009 uliwakatia bima wakulima wadogo kwa kutumia vituo vya hali ya hewa: kituo kilipoonyesha ukame, fidia ilitumwa kwa M-Pesa bila mtu kwenda kukagua shamba. Ubunifu mzuri, na doa lake liko kwenye umbali. Shamba likikauka na kituo kilicho kilomita 15 kikapata mvua, mkulima halipwi. Kampuni haijamdhulumu, mkataba umefuatwa, mahindi yamekufa. Dawa ya hilo ni kituo cha karibu zaidi, na hakuna mwanasheria wala mtabiri anayeweza kushika nafasi yake.

La mwisho ni ombi zaidi kuliko pendekezo. Kwenye stoo za mashamba ya zamani ya mkonge, ofisi za parokia, bomani na vyuo vya kilimo kuna madaftari ya mvua ya miaka ya 1940, 50 na 60 ambayo mchwa wanayasoma kwa bidii kutuzidi. Baadhi hayamo kwenye kumbukumbu yoyote ya kompyuta. Ukiyakuta, usiyahamishe wala kuyasafisha. Yapige picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa, jalada likiwemo, mahali palipoandikwa jina la kituo, mwaka na aina ya chombo pakionekana vizuri, hata kurasa tupu zisirukwe, kisha uzipeleke ofisi ya Mamlaka iliyo karibu. Na kama kuna mzee anayekumbuka kopo lilisimama wapi kabla ya kuhamishiwa nyuma ya stoo, andika anachosema pembeni ya picha ya kwanza.